Maswali ya Wasomaji: Dawa za Ayurveda na Mapafu Yaliyochoka

Katika toleo lililopita tulieleza ugonjwa sugu wa mapafu ambao madaktari huuita COPD: njia za hewa huvimba, husinyaa na kujaa makohozi, na vifuko vya hewa vilivyoharibika havirudi kuwa vilivyokuwa. Barua nyingi zilizofuata hazikuuliza kuhusu ugonjwa wenyewe bali kuhusu dawa za Kihindi, na kwa kuwa waandishi wake wametoka Tanga hadi Muscat, nimeona nizipe safu nzima ya mwezi huu.

*Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 68 na hajavuta sigara hata siku moja. Kwa zaidi ya miaka thelathini alikuwa akikaanga samaki kwa kuni kwa ajili ya kuuza, na hata sasa hajaacha kabisa. Akitoka chumbani kwenda msalani anahema, na usiku hulala ameketi. Hospitali walimpulizisha kwenye kipimo, wakasema ni COPD, wakampa dawa mbili za kuvuta. Sasa binamu yangu aliyekuwa India amemletea makopo matatu ya dawa za Ayurveda, akamwambia aache zile za kuvuta kwa sababu zinayazoesha mapafu uvivu. Mama amefurahi, mimi naogopa. Je, aache? — Msomaji, Tanga*

Marahaba. Asiache. Dawa za kuvuta haziyafanyi mapafu kuwa mavivu. Hulegeza misuli inayobana njia za hewa, na nyingine hupunguza uvimbe. Kinachowadanganya watu ni kwamba ugonjwa wenyewe husonga mbele mwaka hadi mwaka, mgonjwa akahitaji dawa zaidi, kisha lawama ikaangukia dawa badala ya ugonjwa. Mgonjwa akiziacha ghafla anaweza kubanwa vibaya ndani ya siku chache, na kila shambulio la namna hiyo huweza kumwachia mapafu dhaifu kuliko yalivyokuwa kabla.

Tukishaelewana hapo, tuje kwenye makopo, na tuwe waadilifu. Ayurveda si uganga wa vichochoroni. Nchini India ina vyuo vyake, na daktari wake husoma miaka mitano na nusu pamoja na mafunzo ya vitendo. Mji wa Jamnagar katika jimbo la Gujarat, jimbo walikotoka mababu wa Wahindi wengi wa Unguja, Mombasa na Dar es Salaam, una chuo kikuu cha Ayurveda tangu mwaka 1967, na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani liliuchagua mji huohuo kuwa makao ya kituo chake cha tiba asilia. Kwa hiyo binamu yako hakuokota jambo barabarani. Alichokosea ni kudhani kwamba Ayurveda yenyewe inaahidi alichoahidiwa na muuzaji.

Kitabu kikongwe cha tiba hiyo, kinachojulikana kwa jina la Charaka na chenye umri wa takriban miaka 2,000, kinagawa maradhi ya kuhema katika mafungu matano. Moja linaitwa tamaka shvasa, na ndilo ambalo matabibu wa leo huliwekea pumu pamoja na COPD. Soma maelezo yake uone kama humwoni mama yako: mgonjwa hawezi kulala chali, hupata nafuu akiketi, hupenda vitu vya moto, huzidiwa kukiwa na mawingu, mvua na baridi, na makohozi yakishatoka hupumua vizuri kwa muda mfupi. Tena kitabu kinataja vyanzo vya maradhi hayo, na miongoni mwa vya kwanza kabisa ni vumbi na moshi.

Moshi, ndugu yangu. Kanuni ya kwanza ya matibabu katika Ayurveda inaitwa nidana parivarjana, yaani kukiepuka kile kinachosababisha ugonjwa, na dawa hiyo haiuzwi kwenye kopo lolote. Katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 70 ya wagonjwa wa COPD hutokana na tumbaku. Katika nchi kama zetu tumbaku huchangia asilimia 30 hadi 40 tu, na moshi wa majumbani ni miongoni mwa vyanzo vikubwa. Unasema mama hajaacha kukaanga kabisa. Basi kabla ya kopo la kwanza kufunguliwa, karai litolewe mikononi mwake. Kama biashara ndiyo inayolisha nyumba, akaange kijana mwenye afya, jiko lihamishiwe uani penye upepo, kuni ziwe kavu, au ninyi watoto mchangishane mtungi wa gesi. Na mama akae upande upepo unakotoka, apokee pesa na kufunga samaki. Najua kumwondoa mama wa Kitanga jikoni si kazi ndogo. Mwambie hayo yamo katika kitabu cha Kihindi, huenda akakusikiliza.

Neno la pili kutoka humohumo: ugonjwa huu ukishakuwa wa muda mrefu umewekwa katika kundi linaloitwa yapya, yaani usiopona lakini unaotulizwa maadamu matibabu yanaendelea. Sushruta, mwanachuoni mwingine wa kale, anafananisha matibabu ya maradhi ya kundi hilo na nguzo iliyosimamishwa vizuri kuizuia nyumba inayotaka kuanguka. Tabibu wa Ayurveda aliyesoma kweli hatamwahidi mama yako kwamba atapona, wala hatang'oa nguzo moja ili asimamishe nyingine.

Sasa yashike makopo mkononi uyasome. Ukiona jina linaloishia na neno ras, au likiwa na neno bhasma, liweke pembeni lisitumike. Hizo ni dawa za madini, si za majani. Mfano unaohusu kifua ni Shwas Kuthar Ras, jina ambalo maana yake ni shoka la kukata kuhema. Mapishi yake ya kimapokeo yana zebaki, salfa, madini ya aseniki na mzizi wa akoniti ambao huweza kuvuruga mapigo ya moyo. Wenyewe wanasema sumu hizo huondolewa kwa kuzisafisha na kuzichoma mara nyingi. Mimi sioni sababu ya kumjaribia mama wa miaka 68. Watafiti wa Marekani walinunua dawa 70 za Ayurveda madukani katika eneo la Boston wakazipima, na matokeo waliyoyatangaza mwaka 2004 yalionyesha kwamba 14 kati yake zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Walipopima tena dawa 193 zilizouzwa kwa njia ya intaneti, matokeo yao ya mwaka 2008 yalionyesha karibu moja katika kila tano ikiwa na tatizo hilohilo. Hizo zilikuwa dawa zenye lebo na anwani. Kopo lisilo na orodha ya viungo, namba ya toleo wala jina la kiwanda lina hali gani?

Jihadhari pia na unga unaoleta nafuu ya ajabu kwa siku mbili. Wapo wauzaji wanaochanganya kwa siri dawa za hospitali za jamii ya steroidi, kama prednisolone au dexamethasone, ndani ya dawa za mitishamba. Mgonjwa hupata hamu ya kula na pumzi hufunguka, kisha uso hujaa, sukari hupanda, mifupa hudhoofu, na siku unga ukiisha huanguka vibaya. Peleka makopo yote matatu kwa mfamasia wa hospitali anakotibiwa, yakiwa na lebo zake, na umwonyeshe pia dawa nyingine zote anazomeza. Likibaki kopo moja lenye tangawizi, iliki na mdalasini tu, mpe bila hofu, lakini baada ya kuvuta dawa yake, si badala yake.

Mwisho, hakikisha dawa hizo za kuvuta zinafika kifuani. Wazee wengi hubonyeza na dawa yote ikaishia ulimini. Kama yake ni ile ya kopo la kubonyeza, chukua chupa safi ya plastiki ya nusu lita, toboa tundu kitakoni lenye ukubwa wa mdomo wa kopo la dawa, lichomeke hapo, mama aweke midomo kwenye shingo ya chupa, ubonyeze mara moja, naye avute pumzi taratibu mara tano au sita. Asukutue mdomo baadaye.

*As-salaam alaykum. Nilivuta sigara kwa miaka arobaini, nimeacha miaka miwili iliyopita. Nina COPD, na nyumbani ninatumia oksijeni nyakati za usiku. Mwenzangu wa kazini kutoka Kerala, kusini mwa India, ananishauri niende kwao nikafanyiwe panchakarma ya wiki tatu, ambayo anasema itatoa uchafu wote wa sigara kifuani. — Msomaji wa asili ya Unguja, Muscat*

Wa alaykumu s-salaam. Kwanza hongera ya kuacha, kwa sababu hakuna dawa, ya Kihindi wala ya Kizungu, iliyopunguza kasi ya ugonjwa huu kama kuacha sigara.

Panchakarma ni mkusanyiko wa njia tano za kusafisha mwili: kutapishwa, kuharishwa, enema za aina mbili, yaani dawa ya maji inayoingizwa kwa njia ya haja kubwa, na kutiwa dawa puani. Kerala ni kitovu chake, na zipo taasisi zinazoheshimika, kama ile ya Kottakkal iliyoanzishwa mwaka 1902. Kuna sehemu za maandalizi ambazo sina ugomvi nazo. Kukandwa kifua na mgongo kwa mafuta ya ufuta yaliyotiwa chumvi na kupashwa moto, kisha kukandamizwa kitambaa cha moto, ni jambo la kale katika ugonjwa huu, na wagonjwa wengi hulala vizuri baada yake.

Ila kutapishwa sikuruhusu. Mgonjwa hunyweshwa vibakuli kadhaa vya maziwa au maji ya mizizi hadi tumbo lijae, kisha hutapishwa mfululizo. Kwa kijana mwenye mapafu mazima ni adha tu. Kwa mtu ambaye misuli yake ya kupumulia imechoka, na ambaye anahitaji oksijeni, tone moja la matapishi likiingia upande wa hewa linaweza kuleta nimonia. Kuharishwa nako hupoteza maji na potasiamu, madini ambayo moyo huyahitaji ili upige sawasawa, na dawa za kuvuta kama salbutamoli huipunguza potasiamu hiyohiyo, hivyo moyo ndio unaobaki kulipa deni. Mafuta ya puani yakiteremka mapafuni hayayeyuki wala hayatoki, na yanaweza kusababisha uvimbe wa muda mrefu. Hata sanduku la mvuke ambamo mgonjwa huketishwa atoke jasho halikufai, kwa kuwa hewa ya moto na yenye unyevu mwingi humfanya mwenye COPD ajihisi anazama. Ama kuhusu uchafu wa sigara, lami iliyomo mapafuni haitoki kwa kutapika kwa sababu haimo tumboni.

Safari yenyewe nayo ina jambo. Ndani ya ndege hewa huwa nyepesi kama ya mlima wenye urefu wa karibu mita 2,400, na mtu anayetumia oksijeni nyumbani hapaswi kupanda, hata kwa mwendo wa saa tatu hivi wa kutoka Muscat hadi Kochi huko Kerala, kabla daktari wake hajampima na shirika la ndege halijaarifiwa.

Niruhusu swali moja la pembeni. Nyumba za huko Muscat, kama nyumba za kwetu Unguja, hufukizwa ubani na udi asubuhi na jioni. Je, chetezo bado kinapita chumbani mwako? Ayurveda ina dawa ya kumeza inayotokana na utomvu wa mti wa jamii moja na huo wa ubani, lakini moshi wake kwako ni moshi tu. Isitoshe, hakuna moto wowote unaopaswa kuwa karibu na mashine ya oksijeni. Wageni watakusamehe kukosa harufu hiyo.

*Daktari, mimi nina COPD, sukari na presha. Duka moja la dawa za Kihindi hapa mjini limenipa Sitopaladi, sharubati ya vasaka na vijiti vya jethimadh vya kutafuna. Nisaidie kujua kipi kina faida. — Msomaji, Mombasa*

Umenipa swali ninalolipenda, kwa kuwa viungo vyenyewe unaweza kuvipata katika duka lilelile la viungo vya pilau.

Sitopaladi ni unga wenye fungu la kale lisilobadilika: sukari ya mawe sehemu 16, unga mweupe unaotoka ndani ya mianzi sehemu 8, pippali, ile pilipili ndefu, sehemu 4, iliki sehemu 2 na mdalasini sehemu 1. Jumlisha utaona kwamba zaidi ya nusu ya kila kijiko ni sukari, na mapokeo yanataka kilambwe kwa asali. Kijiko kimoja hakitakulaza hospitalini, lakini kihesabu katika chakula chako cha siku, na usiamini neno la muuzaji kwamba sukari ya mawe haina madhara kwa mwenye kisukari. Pippali, kama pilipili manga, ina kitu kinachoitwa piperini ambacho huzuia mwili usitoe baadhi ya dawa kwa kasi ya kawaida. Ukiwa unameza aminofilini, ambayo bado huandikwa sana katika hospitali zetu, kiwango chake kinaweza kupanda, na utaona mikono ikitetemeka, kichefuchefu na moyo kwenda mbio.

Vasaka ina heshima yake. Kutoka katika majani ya mmea huo ilipatikana vasisini, na wanasayansi wakaigeuza wakatengeneza bromheksini, dawa ya kulainisha makohozi iliyopo katika sharubati nyingi za kikohozi. Kwa hiyo sharubati hiyo inaweza kukusaidia kutoa kohozi, ila tafuta isiyo na sukari, na asiitumie mjamzito yeyote nyumbani, kwa sababu huweza kuchochea mfuko wa uzazi.

Vijiti vya jethimadh, mzizi mtamu ambao wazee wa pwani waliuita urukususu, vitupe leo. Ukitafunwa kila siku hupandisha presha na kushusha potasiamu, na wewe tayari unayo presha.

*Nilitibiwa kifua kikuu mwaka 2011 nikapona, lakini pumzi haijarudi, na sasa nimeambiwa nina ugonjwa sugu wa mapafu. Kijana wangu amenionyesha mazoezi ya pumzi ya Kihindi kwenye simu. Nifanye? — Msomaji, Kigoma*

Fanya, ila chagua. Kifua kikuu ni mlango mmojawapo wa COPD ambao haukumbukwi sana, na mazoezi ya pumzi ndiyo sehemu ya urithi wa Kihindi ninayoiamini kuliko zote. Madaktari wa taasisi ya AIIMS mjini New Delhi waliwagawa wagonjwa 60 wa COPD, kundi moja likafanya yoga na jingine mazoezi ya kawaida ya hospitali kwa wiki 12. Matokeo waliyoyatangaza mwaka 2015 yalionyesha nafuu iliyokaribiana. Kwa mtu ambaye hospitali ya karibu haina mtaalamu wa mazoezi ya viungo, hiyo ni habari njema.

Keti kwenye kiti kigumu, viwiko juu ya mapaja, mabega yameshuka. Weka kiganja kimoja juu ya kitovu. Vuta hewa kwa pua huku ukihesabu mbili, uhisi kiganja kikisukumwa mbele, kisha ikunje midomo kama anayepoza uji wa moto na uitoe hewa polepole ukihesabu nne. Usiisukume. Hewa chafu ya mgonjwa wa COPD hukwama ndani kwa sababu njia hujifunga kabla haijaisha kutoka, na ile midomo iliyokunjwa huziweka njia wazi kwa muda mrefu kidogo zaidi. Fanya hivyo kwa dakika tano asubuhi na jioni, na kila unapopanda ngazi.

Usifanye kapalabhati na bhastrika, yale mazoezi ya kupuliza kwa kasi, wala yale ya kushikilia pumzi kwa muda mrefu. Yamewahi kumpasulia pafu hata mtu aliyekuwa mzima, na mapafu yenye makovu ya kifua kikuu yako karibu zaidi na hatari hiyo. Ukisikia kichomi cha ghafla upande mmoja na pumzi ikakatika, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Kuhusu chakula, umeuliza mwishoni mwa barua kama ni kweli maziwa, mtindi na ndizi huleta makohozi, na kama ufunge siku mbili kwa wiki kama kijana alivyosoma. Ayurveda husema hivyo kuhusu vyakula vya baridi na vizito, hasa usiku. Kula kidogo mara nyingi, chakula cha vuguvugu na cha jioni kikiwahi, ni shauri zuri, kwa kuwa tumbo lililojaa huisukuma misuli ya kupumulia. Lakini umeandika kwamba una kilo 47, na mgonjwa wa mapafu anayekonda hupoteza hata nguvu za kukohoa. Usifunge, na usiache maziwa wala dagaa wala mayai.

*Babu yetu alikuwa akivuta majani ya mnanaha anapobanwa kifua. Nasikia hata Wahindi hufanya hivyo. Ni kweli yanasaidia? — Msomaji, Lamu*

Ni kweli, na ndiyo maana ni hatari. Wahindi waliuvuta mmea wa jamii hiyo tangu kale, na mwanzoni mwa karne ya 19 Waingereza waliuchukua kutoka Madras wakaupeleka kwao, hata sigara za pumu zikawa zinauzwa madukani. Ndani yake mna atropini, ambayo hulegeza njia za hewa, lakini kiasi chake hubadilika kutoka jani hadi jani, na kilichozidi huleta wazimu wa muda, macho kutoona karibu, mkojo kuziba na moyo kukimbia. Tiotropiamu inayovutwa mara moja kwa siku ni ndugu wa atropini hiyo, aliyetengenezwa ili aishie mapafuni na asipande kichwani. Muulize daktari wako kama hospitali yenu inayo, na kama haipo, ipratropiamu hufanya kazi hiyohiyo kwa saa chache. Kama mnanaha umeota uani kwenu, ung'oeni kabla watoto hawajazionja mbegu zake.